Barua ya Wazi kwa Ofisi Kuu: Zawadi Tumepokea, Isipokuwa Iliyobaki Forodhani

Kwa Ofisi Kuu ya Kanisa, Nairobi,
kupitia Idara ya Matangazo na Idara ya Waumini wa Ughaibuni, ambazo tunasikia ziko korido moja na hazisalimiani.

YAH: SHUKRANI KWA ZAWADI



Sisi waumini wenu wa Doha, walinzi wa zamu, madereva, wapishi na akina dada wa kazi za nyumbani, tunawaandikia kwa moyo wa shukrani. Fomu mliyoambatisha ya kuthibitisha kwamba zawadi imefika ina nafasi ya mistari mitatu, na wa tatu umeliwa na maneno "bandika picha hapa, wote mkitabasamu". Shukrani zetu hazikuenea humo. Tumeona afadhali tuandike wazi, ili wasome pia wale mama wa Voi, Mumias na Kitui waliotoa sadaka ya katoni hii. Hela zilikuwa zao.

Katoni ilifika. Ndani yake mlikuwa na kalenda za ukutani zenye picha ya Askofu akiangalia kamera, fulana zilizoandikwa "Tumewafikia" kifuani, vichupa vya mafuta ya upako, na chini kabisa, zikiwa zimeviringishwa kwa magazeti ya zamani kama vyombo vya bibi harusi, chupa za divai ya Meza ya Bwana.

Tuanze na divai, kwa sababu ndiyo iliyoanza nasi. Qatar hairuhusu mtu kujiingizia pombe nchini, iwe ya harusi, ya matanga au ya ibada. Jambo hilo hata mtoto wa wakala wa ajira pale River Road anaweza kuwaambia. Aliyekwenda kuchukua mzigo ni ndugu yetu anayelinda jengo la ofisi usiku. Alikwenda moja kwa moja kutoka zamu, hajapiga hata usingizi wa paka, akiwa na yunifomu. Afisa wa forodha, kijana mpole, aliinua chupa akaiangalia mwangani, akauliza hiki ni kitu gani. Bahati mbaya ndugu yetu ni mwalimu wa Shule ya Jumapili, na ni mkweli. Akaanza kueleza tangu mwanzo, akianzia Misri na Pasaka ya Waisraeli. Alipofika kwenye damu, afisa aliinua mkono, akamwomba akae, akamletea maji ya kunywa, kisha akamwita mkubwa wake. Mkubwa alikuwa na swali moja tu: ina kilevi? Ina. Chupa zikabaki. Ndugu yetu aliondoka bila faini, akiwa na karatasi ya Kiarabu yenye mihuri miwili. Tumeihifadhi vizuri, kwa kuwa mwaka huu ndiyo barua pekee yenye mhuri tuliyopata kuhusu mambo ya kanisa letu.

Mafuta yalipita salama, ingawa vichupa viwili vilivuja na Askofu wa mwezi wa Machi sasa anang'aa kuliko wa Aprili. Lebo inasema ni mafuta ya zeituni kutoka Uhispania. Kwa hiyo yalishuka Mombasa, yakapanda hadi Nairobi, yakaombewa, yakarudi angani mpaka Doha, ambako zeituni za Lebanon na Syria zimejaa rafuni katika duka lililo chini ya hosteli yetu. Hatukatai baraka, Mungu atuepushe. Tunauliza tu: idara yenye minara ya kurushia sauti na picha hadi miisho ya dunia, imeshindwaje kurusha baraka bila chupa?

Risiti ya usafiri iliachwa imebandikwa ubavuni mwa katoni, labda kwa uzembe, labda kwa kujivunia. Kiasi kilichoandikwa pale ni zaidi ya riyali 1,000. Kwa faida ya waliochanga, riyali 1,000 ndizo kima cha chini cha mshahara wa mwezi nchini hapa tangu Machi 2021, mbali na malazi na chakula. Yaani mlimlipa msafirishaji mshahara wa mwezi wa dada zetu ili awaletee dada hao kalenda. Wao hawana ukuta wa kuitundika. Wanalala katika nyumba za watu.

Pamoja na zawadi kulikuwa na barua ya Idara ya Matangazo ikituomba "tuchangie maudhui". Tujirekodi kwa simu tukiwashuhudia wapita njia pale Souq Waqif, tutume video, mtairusha katika kipindi cha "Injili Mipakani". Tuliisoma barua hiyo mara mbili, tukatazamana. Sheria ya adhabu ya Qatar ya mwaka 2004 imekataza kueneza dini nyingine isiyo Uislamu. Anayefanya hivyo kwa nafsi yake anaweza kufungwa hadi miaka 5. Anayefanya kwa niaba ya shirika, hadi miaka 10. Tukapiga hesabu: hiyo mitano ya ziada ndiyo bei ya nembo yenu kwenye kona ya skrini. Mtusamehe, lakini tumeona tuendelee kuimba kimya kimya kwanza.

Maana kuimba tunaimba. Hili labda hamlijui, kwa kuwa hakuna aliyewahi kutuuliza. Pembezoni mwa Doha, sehemu iitwayo Mesaimeer, pana eneo lililotengwa kwa makanisa. Kiwanja kilitolewa na Amiri wa wakati huo, na kanisa kubwa la Wakatoliki likafunguliwa 2008. Nje hakuna msalaba wala kengele. Mnapita kwenye ukaguzi, mnaonyesha kitambulisho, halafu mkiwa ndani mnakuta dunia nzima: Wafilipino, Wahindi wa Kerala, Wahabeshi, Wakopti wa Misri. Sisi tunakodi chumba kwa saa. Kikundi kilichotutangulia kikizidisha maombi tunasubiri koridoni, na tukizidisha sisi wanatugongea mlango. Siku yetu ya ibada ni Ijumaa, kwa sababu ndiyo siku ya mapumziko. Jumapili hapa ni siku ya kazi.

Hivyo basi, mnaposema hewani kila Jumapili saa nne asubuhi kwamba "ndugu zetu wa Qatar wamekusanyika nasi muda huu", ndugu zenu wa Qatar muda huo wanafungua mageti ya watu. Na ule ujumbe wa kila wiki wa kutukumbusha "tuzingatie tofauti ya saa kati ya Doha na Nairobi" tunauzingatia sana. Hakuna tofauti. Saa ya Doha na ya Nairobi ni moja, na imekuwa moja tangu tufike.

Kisha kuna ramani. Ile ramani ya dunia yenye vitone vyekundu mnayoonyesha kabla ya kutangaza nambari ya Paybill. Tumekiona kitone chetu na tumekipenda. Hicho ni simu moja ya ndugu wa zamu ya mchana, inayotazamwa na watu wanane hosteli, chaji ikibaki. Lakini ripoti yenu inafurahia ongezeko kubwa la watazamaji Uholanzi, na siku hizi kipindi kinafungwa kwa salamu za Kiholanzi. Tunachelea kuwaharibia sherehe. Wale ni vijana wetu wa Dubai. Kule simu za WhatsApp zimefungwa, kwa hiyo wengi huweka VPN ili waongee na mama zao, na VPN ndiyo inayowafikisha Amsterdam bila viza. Kabla hamjamteua mchungaji wa Rotterdam, tafadhali ulizeni.

Hatusemi haya kwa kudharau utangazaji. Wengi wetu tumelelewa na redio. Sauti ya Injili ilianza kurusha matangazo kutoka Addis Ababa mwaka 1963, vipindi vya Kiswahili vikitengenezwa Moshi, mpaka serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilipokinyakua kituo mwaka 1977. Baadaye wazazi wetu wakahamishia mshale wa masafa mafupi kwenye FEBA ya Ushelisheli, iliyodumu hewani tangu 1970 hadi 2003. Sauti ilikuja ikikoroma na kupotea kama imezama baharini, na mara nyingi ilikuwa imezama kweli, hasa mvua ikinyesha. Ila redio zile zilikuwa na jambo moja la kizamani: sanduku la posta, na mtu wa kulifungua. Ukiandika barua, unajibiwa. Unatumiwa somo la Biblia kwa posta, unalijaza kwa penseli, unalirudisha, nalo linarudi likiwa limesahihishwa kwa wino mwekundu na mtu ambaye hajawahi kukuona lakini amejua kwamba swali la nne umelikosa. Hesabu ya wasikilizaji ilikuwa hesabu ya barua, na kila barua ilikuwa na jina chini.

Ninyi mlinunua kamera mwaka 2020. Hatuwalaumu. Makanisa yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya korona, na yalipofunguliwa Julai serikali iliruhusu watu 100 kwa ibada ya saa moja, wazee wa zaidi ya miaka 58 wabaki nyumbani. Kamera zilikuwa huruma kwa wazee wale. Kisha wazee wakarudi kanisani na kamera zikabaki, zikaongezeka, zikapata idara, idara ikapata gari. Leo wazee wakitaka kusimama kutoa ushuhuda wanaambiwa wasogee, wanaziba picha.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tushike kalamu. Dada mmoja wa kwaya yetu anaolewa Desemba. Mchumba wake ni Mkatoliki kutoka Masaka, na paroko amemtaka dada alete cheti cha ubatizo. Ombi la haki kabisa. Alibatizwa Voi, katika kanisa lenu, na jina lake limo katika daftari jeusi tunalolikumbuka wote. Lakini madaftari yote mliyahamishia Nairobi ili yaingizwe kwenye kompyuta. Akawaandikia barua pepe. Jibu likaja baada ya sekunde chache: "Asante kwa kupanda mbegu katika huduma hii", na nambari ya Paybill chini. Akaandika tena, kwa adabu, kwamba hajapanda chochote, anaomba cheti. Jibu: "Asante kwa ushuhuda wako." Alidhani ni mzaha wa mashine hadi Jumapili iliyofuata, mtangazaji aliposoma jina lake hewani miongoni mwa waliobarikiwa na kipindi. Sisi hosteli tulipiga makofi. Yeye alilia.

Na kuna dada mwingine, ambaye hatutamtaja. Aliondoka katika nyumba alimokuwa akifanya kazi, kwa sababu ambazo akina dada hawahitaji kuelezwa, akaugua, akalazwa. Hakuwa na mtu. Alipiga ile namba ya maombi inayopita chini ya skrini, akaomba aombewe, na kama inawezekana kanisa limjulishe yeyote aliye Doha aje amwone. Akawekwa kwenye pambio. Alisikiliza pambio mpaka kadi ya simu ikaisha. Waliokwenda kumwona ni wanakwaya wa Kifilipino, watu wa dhehebu jingine, waliosikia habari zake kutoka kwa muuguzi wa Kerala. Walimpelekea supu na nguo za kubadili. Sisi tulipata habari kwao, Ijumaa, koridoni, tukisubiri chumba. Kutoka hosteli yetu hadi hospitali ile ni mwendo wa basi moja.

Katika taarifa yenu ya robo mwaka tumeona mstari unaosema "maombi yaliyopokelewa kutoka Ghuba yameongezeka". Tunaamini simu yake imo humo.

Mtatuuliza tunataka nini, kwa kuwa fomu haina nafasi ya kujibu hilo. Tumelisoma Agano Jipya tukitafuta mfano wa ofisi yenye kutuma misaada kwa waumini wa nchi za mbali, na kusema kweli, kwa viwango vyenu, Mtume Paulo alikuwa mtawala dhaifu. Alikusanya mchango Makedonia na Akaya kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, akaushughulikia kwa miaka, na hakuwa na hata fulana moja. Aliwaagiza Wakorintho waweke akiba siku ya kwanza ya juma, wachague wenyewe watu wanaowaamini, na hao ndio wapeleke mzigo kwa barua. Kwa Wakorintho hao hao alieleza kwamba anafanya hivyo ili mtu yeyote asipate la kumlaumu juu ya fedha nyingi namna ile. Msafara wake wa mwisho, Matendo ya Mitume inautaja kwa majina na makwao: Sopatro wa Beroya, Aristarko na Sekundo wa Thesalonike, Gayo wa Derbe, Timotheo, Tikiko na Trofimo wa Asia. Gharama zote hizo kulinda mfuko mmoja! Mhasibu wenu angemfukuza kazi. Na la ajabu zaidi, akiwaandikia Warumi aliwaomba wamwombee ili huduma yake ikubalike kwa watakatifu wa Yerusalemu. Alikuwa na wasiwasi kama wapokeaji wataipenda. Ninyi mlituma fomu ya kutabasamu kabla ya katoni kufunguliwa.

Na kabla ya Paulo kulikuwa na lile lalamiko la wajane. Wajane wa Kiyunani walisahauliwa katika mgao wa kila siku, watu wao wakanung'unika, na mitume hawakuunda idara ya mawasiliano. Waliitisha mkutano wakachagua watu saba, na ukiyasoma majina yao, kuanzia Stefano hadi Nikolao, yote ni ya Kiyunani. Walionung'unika ndio waliokabidhiwa ghala. Tunaomba mlisome fungu hilo hewani siku moja, polepole, halafu msiweke pambio juu yake.

Sisi hatuhitaji ghala. Wakenya wa nje walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4.9 mwaka 2024, na sehemu yake, mnajua, inatua kwenye Paybill yenu kila mwisho wa mwezi. Njia ya fedha kutoka huku kuja huko iko wazi mchana na usiku, haihitaji kamera, na tangu tuanze kuitumia haijawahi kutuweka kwenye pambio. Tunachoomba ni njia ya kurudi. Mtu mmoja, mwenye jina, mwenye simu anayoishika mkononi. Kama mshahara wake ni tatizo, uzeni kamera ya tatu, ile inayozunguka juu ya vichwa vya watu wakati wa toba. Orodha ya waumini walioko Doha, Riyadh, Muscat na Dubai tutawaandikia sisi wenyewe. Akilazwa mtu, mtupigie, tutapanda basi. Sadaka ya katoni ijayo igeuzwe kuwa nauli ya mtu aliyekwama, au kadi za simu, na hesabu isomwe mbele ya waliochanga, kule Voi, si kwenye skrini.

Tena, kwa heshima kabisa, msitume divai. Tunatumia juisi ya zabibu, na tunaamini Bwana anaelewa sheria za nchi.

Cheti cha dada yetu kina karatasi moja. Ndoa ni Desemba, paroko anasubiri, daftari liko Nairobi na mwenye ufunguo wa kabati yuko Nairobi. Tumeni kwa posta ya kawaida. Mkikosa hela ya stempu, semeni, tutachanga huku.

Ni sisi wenu katika Kristo,
Waumini wa Doha

Nakala: kila mama aliyetoa sadaka ya "Katoni ya Upendo". Mama, ulizeni hesabu Jumapili hii.